Jinsi ya Kulinganisha Rivolva kwa Mizani ya Samaki

Baba Mkubwa alinipigia simu Jumapili moja baada ya misa. "Njoo Bwiru, baba. Na uje na ile mizani yako."

Mizani anayoisemea ni ya springi, yenye ndoano, ninayopimia sangara na sato pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Nilidhani kapata mzigo wa samaki. Nilipofika nikamkuta ametandika blanketi kuukuu juu ya meza ya uani, na juu yake zimelala rivolva tatu, yaani bastola za silinda inayozunguka, kila moja na kibali chake pembeni. Mzee alifanya kazi miaka mingi kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii, akitunza silaha za kambi, na hizo tatu ndizo alizobaki nazo kihalali. Sasa anataka moja tu. Mbili atazikabidhi polisi akiwa hai na akili timamu, ili siku akiondoka wanawe wasibaki wakizunguka na makaratasi.

Ibaki ipi? Kaka yangu aliitaka Colt, kwa sababu ni fupi na inapendeza. Mimi niliitaka Webley, kwa sababu ya historia. Mama Mkubwa alisema ziende zote tatu, na mpaka leo sina hakika kama hakuwa sahihi. Mzee hakumsikiliza yeyote. "Mnachagua kwa majina," alisema. "Rivolva huchaguliwa kwa kile inachokifanya tangu kidole kinapoanza kuvuta mpaka nyundo inapoanguka. Hayo mengine ni urembo."

Tulikaa pale siku nzima. Ninayoyaandika ni ya kwake. Changu ni mizani tu.

Karatasi kwanza

Sitakaa sana hapa, lakini usiruke. Tanzania silaha za kiraia ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na anayeshughulika na vibali ni polisi. Kabla ya kutandika blanketi, soma namba iliyogongwa kwenye chuma, kisha soma iliyo kwenye kibali, tarakimu kwa tarakimu. Kwenye ule uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 mzee alishuhudia watu wakihangaika kwa sababu 3 iliyochakaa ilisomwa kama 8.

Usikusanye silaha za majirani ili mpate za kulinganisha. Mwenye silaha awepo mwenyewe, na silaha isiondoke mikononi mwake kwenda kwa asiye na kibali. Mimi pale sikushika kitu zaidi ya mizani na kalamu. Silaha ya marehemu nayo haigeuki kuwa yako kwa sababu wewe ni mtoto wa kwanza. Inaripotiwa kituoni kabla ya jambo lolote. Na picha za namba za silaha zisiende kwenye magrupu ya WhatsApp, hata ya ukoo.

Meza, mchanga na sauti ya pili

Risasi zote ziende chumba kingine, mlango ufungwe, ufunguo akae nao mtu ambaye hayupo mezani. Kwetu alikaa nao Mama Mkubwa, kwa sharti moja: hayo machuma yetu yasiguse meza anayopakulia ugali. Ndiyo maana tulikuwa uani.

Fungua silinda ya kila rivolva. Pitisha kidole kwenye kila tundu, moja baada ya jingine, huku mtu wa pili akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka sita. Macho huzoea, kidole hakizoei. Fanya hivyo kila unapoinyanyua upya, hata kama uliiweka chini dakika moja iliyopita kwenda kumkaribisha mgeni. Ikitoka machoni pako, ihesabie kuwa ina risasi.

Mtutu uelekee wapi? Kwa Mwanza hili ni swali la maana, maana nyumba nyingi za mlimani zimezungukwa na mawe, na mtu hujiambia kwamba jiwe kubwa ndilo ukuta bora kuliko wote. Jiwe hurudisha. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze mchanga mkavu mpaka juu, iweke upande usio na watu, na kila unapovuta kifyatulio mtutu uelekee katikati ya huo mchanga. Hata kama mmehesabu mara tatu.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza: rivolva nyingi za zamani, na hizi tatu zimo, zina sindano, ile ncha inayogonga risasi ilipuke, iliyofungwa kwenye nyundo yenyewe. Ukizipigisha tupu mara hamsini, sindano inaweza kuvunjika. Tumia risasi bandia za mazoezi, zile za plastiki au alumini zisizo na baruti, za ukubwa wa silaha husika. Kama huna, punguza idadi ya mivuto.

Tatu zilizokuwa mezani

Inafaa kujua rivolva ya mvuto wa aina mbili ni nini, maana ndiyo shina la mlinganisho wote. Zile za kwanza za Samuel Colt ulilazimika kuikokota nyundo kwa kidole gumba kila risasi, ndipo uvute. Mwaka 1851 Mwingereza Robert Adams akaja na yake ambayo kuvuta kifyatulio tu kuliinua nyundo na kuiangusha, ila nyundo yenyewe huwezi kuikokota. Mwaka 1856 ofisa mmoja wa jeshi, Frederick Beaumont, akaunganisha mambo hayo mawili kwenye chuma kimoja: ukitaka, kokota nyundo kwanza, halafu mvuto unakuwa mfupi na mwepesi, ukiwa na haraka, vuta tu, mvuto mrefu na mzito, kazi zote zinafanyika. Kuanzia hapa nitasema mvuto mfupi na mvuto mrefu.

Ya kwanza mezani ni Webley Mk IV, iliyotengenezwa Birmingham. Hii haitoi silinda pembeni. Unasukuma komeo kwa gumba, mtutu unainama mbele kama mbuzi anayekunywa maji, na maganda sita yanaruka yote kwa pamoja. Ya mzee imegongwa maneno WAR FINISH ubavuni, yaani ilitoka kiwandani wakati wa Vita Kuu ya Pili ikiwa haijang'arishwa vizuri. Historia yake ina uchungu kidogo: Webley waliwaonyesha wakubwa wa jeshi la Uingereza mchoro wao, kiwanda cha serikali cha Enfield kikaunda kinachofanana nao sana, na mwaka 1932 kile cha Enfield ndicho kikaingia jeshini. Vita ilipochacha, jeshi hilohilo likarudi kununua za Webley.

Ya pili ni Smith & Wesson Model 10 yenye mtutu wa inchi 4. Ilianza mwaka 1899 kwa jina la Military & Police, ikapewa namba 10 mwaka 1957, na zimetengenezwa zaidi ya milioni 6. Haina mvuto wowote wa macho. Ni kama Toyota pick-up.

Ya tatu ni Colt Detective Special, mtutu wa inchi 2, ukoo ulioanza mwaka 1927. Hii ndiyo ya kaka. Ndogo, bado inabeba risasi sita, rangi yake ya bluu inang'aa kama mgongo wa samaki aliyetoka majini sasa hivi.

Ukitaka kumjaribu anayejidai anazijua, mwambie afungue Colt na Smith & Wesson bila kuangalia. Kitufe cha Smith & Wesson husukumwa mbele; cha Colt huvutwa nyuma. Na ukiwa nyuma ya silaha, silinda ya Colt huzunguka kufuata mshale wa saa, ya Smith & Wesson kinyume chake.

Kipimo cha kwanza: uzito wa mvuto

Hapa ndipo mizani ya samaki ilipoitwa, na hapa ndipo utakapojifunza mengi kuliko kwingine kote.

Mizani ya Mwaloni haifai moja kwa moja. Yangu kubwa ya kilo 50 ina mistari ya nusu kilo, na kwa kazi hii nusu kilo ni nyingi mno. Tafuta ndogo ya kilo 10, au ile ya kidijitali ya kupimia mabegi ya safari, hasa inayokumbuka uzito wa juu kabisa. Kisha uihakiki: ning'iniza pakiti ya sukari ya kilo moja iliyofungwa dukani, halafu tano kwenye mfuko mmoja. Yangu ilizidisha gramu 50 kwenye kilo tano. Niliandika pembeni nikawa ninatoa. (Wateja wangu wasisome hapo.)

Sasa fanya hivi. Kata kipande cha uzi wa nyavu, wa nailoni, ufunge kitanzi kidogo. Kipitishe kitanzi katikati ya mpinde wa kifyatulio, pale kidole kinapokaa, si nchani. Ukifunga nchani utapata namba ndogo isiyo ya kweli. Mwenye silaha aishike kwa mkono imara juu ya meza, mtutu kwenye ndoo ya mchanga. Wewe tia ndoano ya mizani kwenye kitanzi na uvute kwenda nyuma, sambamba na mtutu, polepole kama unavyovuta kamba ya ndoana usiyotaka samaki ashtuke. Mtu wa tatu asome mshale mpaka nyundo inapoanguka. Rudia mara tano. Tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, zile tatu zitafutie wastani. Kisha kokota nyundo na upime mvuto mfupi kwa njia hiyohiyo.

Kwetu ilisomeka hivi. Webley: mvuto mrefu kilo 6.8, mfupi kilo 2.9. Smith & Wesson: kilo 4.9, na 1.6. Colt: kilo 5.5, na 1.7. Ni namba za bastola tatu za mzee mmoja, kila moja na uchakavu wake. Yako ya aina hiyohiyo inaweza kusoma tofauti.

Usiishie kwenye hizo namba. Ning'iniza na silaha yenyewe, tupu, upate uzito wake, kisha gawanya. Webley ilikuwa gramu 770: mvuto wake ni karibu mara tisa ya uzito wake. Colt gramu 600: mara tisa na zaidi. Smith & Wesson gramu 870: haifiki mara sita. Hesabu hii ndogo sijaiona mahali, mzee aliitoa kichwani, lakini ina akili. Chuma chepesi kinachodai mvuto mzito hutikisika mkononi kabla risasi haijatoka, na shabaha inakwenda upande. Kaka alipoiona Colt iko mkiani akanuna.

Kuna jambo mizani haiwezi kukusomea, nalo ni umbo la mvuto. Vuta mvuto mrefu wa Smith & Wesson polepole: uzito ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho, kama kuvuta maji kisima chenye kapi. Vuta wa Colt: unaanza laini, mtamu, halafu karibu na mwisho unapanda ghafla, kama kamba iliyonasa kwenye jiwe. Sababu ni springi yake yenye umbo la V, inayozidi kukaza kadiri inavyobanwa. Wapo wanaoupenda huo mpando, wanasema unawaambia nyundo iko karibu kuanguka. Mzee haupendi. Wa Webley ni mzito mwanzo mwisho, wenye mikwaruzo midogo midogo.

Mkwaruzo ukiusikia, usijaribu kuutibu mwenyewe kwa tupa wala kwa kukata springi. Nyundo ikipoteza nguvu, sindano hugonga risasi kichovu na risasi hailipuki. Na ukiharibu jino linaloishika nyundo, siku moja itaanguka yenyewe. Kazi hiyo ni ya fundi silaha mwenye leseni.

Kipimo cha pili: je, silinda inafika kwa wakati?

Mimi nilikuwa sijui hili kabisa, na ndilo lililoamua.

Rivolva ina matundu sita na mtutu mmoja. Kila unapovuta, kidude kidogo ndani, ambacho mafundi hukiita mkono, husukuma meno yaliyo nyuma ya silinda mpaka tundu jipya lifike sawasawa nyuma ya mtutu. Hapo kijino kingine kinachotoka chini ya fremu huingia kwenye kishimo cha silinda na kuifunga. Vyote viwili viwe vimemaliza kazi kabla nyundo haijaanguka. Silinda ikichelewa, risasi inatoka tundu likiwa halijakaa sawa na mtutu, na vipande vya risasi vinachanwa na kurushwa pembeni, vinampata aliyesimama karibu.

Kuangalia ni rahisi. Ikokote nyundo kwa gumba polepole sana, nywele kwa nywele, huku kidole cha mkono mwingine kikigusa silinda kwa wepesi mno, kuizuia kidogo tu isijiendee kwa kasi yake. Sikiliza. Unapaswa kusikia mlio wa kijino kikiingia kishimoni kabla nyundo haijakamatwa juu, au papo hapo. Nyundo ikikamatwa na silinda bado inaweza kuzungushwa zaidi mpaka ilie, imechelewa. Fanya hivyo kwa matundu yote sita, na kila tundu liwekee alama ya chaki ili usirudie moja mara mbili. Uchakavu haulingani: linaweza kuchelewa moja tu kati ya sita, na ukipima matatu ukaridhika, umejidanganya.

Kisha jaribio la pili: vuta kifyatulio mpaka mwisho, nyundo ikiwa chini, ukishikilie hapohapo bila kuachia, na ujaribu kuitikisa silinda kushoto na kulia. Colt nzima hapa haichezi kabisa, imebanwa kama mlango wa sefu, kwa sababu ule mkono unaendelea kuyasukuma meno mpaka risasi itoke. Ndiyo sifa yake kubwa na ndiyo ugonjwa wake: kila risasi inaula ule mkono kidogo. Smith & Wesson imeacha nafasi ndogo ya kucheza tangu kiwandani, na haisumbui. Kwa hiyo usiziweke kwenye kipimo kimoja. Mchezo mdogo kwenye Smith & Wesson ni kawaida; mchezo uleule kwenye Colt ni dalili.

Tukaitikisa Colt ya mzee. Ilicheza. Kwenye matundu mawili, lile la pili na la tano tangu alama ya chaki, nyundo ilikamatwa kabla ya mlio. Mzee akarudia mara nne, akaiweka chini kwenye blanketi taratibu, akaifunika kwa pembe ya blanketi kama mtoto aliyelala. Kaka hakusema tena habari ya Colt.

Usisahau kuisukuma silinda mbele na nyuma pia. Ikisafiri kwa kiasi unachoweza kukiona kwa macho, mhimili wake umelegea. Na kwa Webley pekee, ongeza hili: ifunge, ishike mpini kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, ujaribu kuikunja. Bawaba au komeo likicheza, hiyo imestaafu.

Mwanya, kwa fila ya fundi gari

Kati ya uso wa silinda na nyuma ya mtutu kuna mwanya. Lazima uwepo, la sivyo silinda ingekwama kwa joto na masizi. Ukizidi, moto na gesi vinatoka pembeni na risasi inapoteza nguvu.

Azima fila geji kwa fundi gari, zile bati nyembamba anazosetia valvu. Fundi wa Mabatini aliyeniazima aliniuliza ni gari gani. Nikamwambia la mzee. Ingiza bati kwenye mwanya, ukiongeza unene mpaka bati lipite kwa kukwaruza kidogo. Kati ya milimita 0.10 na 0.20 ni pazuri. Ukipita 0.25, mwonyeshe fundi silaha. Chini ya 0.08, tegemea kukwama ikipata uchafu. Pima ubavu wa kushoto na wa kulia, maana mtutu unaweza kuwa umekatwa upande. Smith & Wesson ilikuwa 0.15 pande zote mbili, Webley 0.20, Colt 0.18. Hapa hakuna aliyeshindwa.

Ndani ya mtutu

Fungua silinda, weka kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, mulika karatasi kwa tochi ya simu, chungulia kutoka mdomoni. Unatafuta mifereji yenye kingo kali na chuma kinachong'aa. Madoa meusi yenye mashimo ni kutu iliyokwisha kula. Pete nyeusi inayozunguka, hata moja, ina maana risasi iliwahi kukwama humo na nyingine ikaifuata. Mtutu huo umevimba, usitumike tena.

Hesabu mifereji ukiwa hapo. Smith & Wesson ina mitano inayopinda kulia, Colt sita inayopinda kushoto, Webley saba kulia. Haikuambii ipi ni bora. Ila mtutu uliobadilishwa kienyeji hujulikana hapo.

Mkono wako, si wa mwingine

Ishike kama unavyoishika siku zote. Kwa mvuto mrefu kifyatulio kikae kwenye kiungo cha kwanza cha kidole. Kikiishia kwenye ncha ya kidole, mpini ni mnene mno kwako. Mzee ana vidole vya mtu aliyevuta nyavu ujana wake wote Ukerewe, na baridi yabisi imeanza kumkaba viungo. Mvuto wa kilo 6.8 wa Webley aliumaliza mara tatu, mara ya nne kidole kikagoma katikati. Hapo ndipo nilipoiaga Webley yangu moyoni.

Kuna jaribio la sarafu. Weka shilingi 200 juu ya fremu, pale juu ya silinda palipo bapa, usiweke juu ya mtutu ambako kwa Colt ni mviringo na sarafu itateleza bure. Vuta mvuto mrefu. Sarafu isianguke. Mzee, kwa Smith & Wesson, aliipata saba kati ya kumi. Kwa Colt tatu. Webley hakujaribu.

Teke la silaha inapolia sikulipima, kwa sababu hatukupiga risasi hata moja. Ukitaka kulipima, ni kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa na kwa risasi zinazolingana uzito.

Risasi zenye jina moja zisizo ndugu

Hili mzee alilirudia mara mbili, nami nalirudia. Zote tatu zinaitwa "thelathini na nane". Si sawa. Colt na Smith & Wesson zinakula .38 Special, ganda lenye urefu wa milimita 29.3. Webley inakula .38/200, ganda ni .38 S&W, fupi la milimita 19.7 lakini nene zaidi, na kichwa chake ni kipana kidogo. Haziazimani.

Mtego mkubwa uko kwenye Smith & Wesson za wakati wa vita zilizopelekwa Uingereza. Zilitengenezwa kwa .38/200, na baadaye nyingi zikatobolewa matundu yarefuke yapokee .38 Special. Ganda jembamba ndani ya tundu pana linavimba na hata kupasuka. Ukikuta rivolva ya aina hiyo, usiamini kilichoandikwa kwenye boksi la risasi. Soma kilichogongwa kwenye mtutu, halafu fundi silaha apime matundu.

Bei na upatikanaji navyo viingie kwenye mlinganisho. Silaha ambayo risasi zake huzipati kwa wauzaji wenye leseni ni pambo lenye karatasi za kufuatilia.

Ziwa nalo lina lake

Kwa sisi wa mwambao, hali ya chuma inategemea mahali kilipolala kuliko umri wake. Webley ilikaa miaka kwenye mkoba wake wa ngozi, ndani ya kabati la ukuta unaotazama ziwa. Ngozi hunywa unyevu na ina chumvi za kutengenezea ngozi. Ubavu uliogusa mshono umekuwa na mstari wa kutu ulionyooka kama rula. Colt, iliyolala nje ya mkoba ndani ya sefu, haina doa. Kwa hiyo unapolinganisha, ondoa mipini ya mbao kama unajua kuirudisha, uangalie chini yake. Kutu hujificha huko.

Kwa utunzaji: toa kwenye mkoba, pangusa jasho la mikono kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya silaha, weka ndani ya sefu pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe masika na vuli. Mafuta yasizidi. Yakizidi yanashika vumbi, yanaganda, na mwaka unaofuata utapima mvuto mzito ukidhani ni springi.

Kuandika na kuamua

Tulichora jedwali kwenye daftari la madeni yangu ya samaki: majina matatu juu, vipimo pembeni. Ushauri wangu ni kwamba usijumlishe maksi kama mtihani wa darasa la saba. Vipo vipimo vinavyofukuza, na vipo vinavyopendekeza. Silinda inayochelewa, mtutu uliovimba, bawaba inayocheza, nyundo inayoanguka ukiisukuma kwa gumba ikiwa imekokotwa: kimojawapo kikitokea, silaha imetoka kwenye mashindano hata kama kwingine kote ina alama zote. Zinazobaki zigombanie uzito wa mvuto, mkono na risasi.

Colt ilitolewa na silinda. Webley haikutolewa na kipimo chochote, ilikuwa nzima kwa umri wake. Ilitolewa na kidole cha mwenye nayo. Ikabaki Model 10, ambayo asubuhi hakuna mtu aliyekuwa ameitaja.

Jumatatu mzee alipiga simu kituoni kwanza, akaambiwa zije vipi na saa ngapi. Akazipeleka zikiwa tupu, zimefungiwa, risasi zake kwenye kasha jingine, vibali mkononi. Askari alisoma namba kwa sauti, mzee akafuata kwa kidole kwenye karatasi yake, wakatia saini, akapewa stakabadhi. Akaikunja mara nne akaitia kwenye mfuko wa shati.

Njia nzima hakusema neno. Tulipofika Kirumba ndipo akaniambia nisimamishe, anataka sato wawili wa Mama Mkubwa. Nikawapima kwa ile mizani. Uzi wa nailoni ulikuwa bado umening'inia kwenye ndoano. Akaufungua mwenyewe, akautia mfukoni pamoja na stakabadhi.